Sahani Isiyo na Nyama, Kutoka Goma Mpaka Dakar

Tangu nirudi, kila anayeingia depo yangu pale Mabanga anakaa juu ya gunia na kuniomba nianze upya. Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na kila mmoja ameondoka na habari yake mwenyewe. Kuna wanaosema nilipigana ndani ya ndege. Kuna wanaosema nilibatizwa upya kule Adisi. Basi nimeamua kuandika. Shule niliiacha darasa la tano, lakini waliomaliza shule ndio ninaowaajiri waniandikie magunia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hasomi mwandiko wangu. Mambo ya pasipoti, tiketi na mihuri siandiki. Foleni kila mtu anaijua.

Mabanga: jinsi mdomo wangu ulivyonifunga

Mimi ni Kambale wa kabichi. Nilianza na kapu moja kichwani, nikishuka kwa miguu kutoka Kibumba. Leo nina Fuso mbili, depo mbili, na nyumba ya Keshero ambayo ukisimama barazani unaliona ziwa, na watu wakipita wanauliza ni ya waziri gani. Kabichi, karoti, puaro, vitunguu: ukinywa supu katika hoteli nzuri ya Goma, ujue imepita mikononi mwangu.

Lakini niseme ukweli. Mimi mwenyewe mboga nilikuwa sili. Mboga ni za kuuza. Nilipokuwa maskini nilikula majani mpaka nikaapa kwamba siku nikipata, meza yangu itakuwa na nyama asubuhi, mchana na jioni. Nikapata, na ikawa hivyo miaka ishirini.

Halafu likaja jambo la Masika. Masika ni binti yangu wa kwanza. Ameolewa na Paluku, mtoto wa Butembo, fundi wa minara ya simu, na kazi imewapeleka Dakar. Miaka minane bila mtoto. Mimba tatu zilitoka. Ya nne ikashika, tukapanga niende kule mjukuu akizaliwa, na kila kitu kikawa tayari. Mtoto hakungoja mipango ya mtu. Alikuja na miezi saba, wakamtia kwenye mashine ya joto, kilo moja na gramu mia.

Ninyi hamjui kilo moja na gramu mia ni kitu gani. Mimi najua, ni kazi yangu. Nikishika kabichi nakutajia uzito kabla ya mizani. Kabichi ya kilo moja na mia hatuiuzi, tunamwongezea mteja kama matabishi. Siku ile nilipokata simu ya Paluku niliokota moja pale depo, nikakaa nayo mkononi mpaka mke wangu akaja akaninyang'anya.

Wiki hiyo, kwenye shirika letu la parokia, watu walitoa ahadi kwa ajili ya mtoto. Mama mmoja akasema ataacha sukari. Katekista akasema ataacha pombe yake ya kasiksi, na wote tukajua ni sadaka kubwa. Kisha wakanitazama mimi. Mnanijua: siwezi kupitwa mbele ya watu. Nikasimama.

"Miye naacha nyama."

"Ya ngombe ao ya mbuzi?" akauliza yule mama wa sukari, na nikasikia dharau.

"Zote! Kuku, samaki, sambaza, ndagala! Kitu yote yenye ilikuwa inapumua, haitapita mu hii kinywa mpaka nibebe mutoto wa Masika na hii mikono mbili!"

Shirika zima likapiga makofi. Mke wangu hakupiga. Tulipofika nyumbani akasema, "Papa Masika, ungesema nyama tu, Mungu angesikia. Sasa umejipandishia bei weye mwenyewe."

Labda. Mungu si muuzaji wa sokoni, najua. Lakini mimi ni muuzaji, na najua kwamba mapatano ukiyavunja upande wako, huna mdomo wa kudai upande wa pili. Tukakubaliana Masika asijue. Mama anayengoja mtoto wake atoke kwenye mashine, humwambii kwamba baba yake ameweka sharti juu ya uhai wake.

Binamu yangu aliyenikatia tiketi akaniambia nisiogope, ndege zina sahani ya wasiokula nyama. Unaiagiza mapema, na inaandikwa pamoja na namba ya kiti chako. Mimi nilisikia neno sahani. Ya kiti sikuyashika.

Bariyeri mpaka Kigali: sombe yenye macho

Siku hizi ndege tunaipandia Kigali. Asubuhi nikavuka Bariyeri Kubwa ya mpaka wa Rwanda na suti yangu ya kijivu, sanduku la magurudumu, na sefuria ndogo iliyofungwa kitenge: wali, maharage na sombe ya majani ya muhogo. Mke wangu alikuwa amenipikia chakula cha njia nzima. Nikapanda basi, nikakaa karibu na mama mmoja mnene, mchuuzi wa vitenge kutoka Bunagana, ambaye kabla hatujatoka Gisenyi alikuwa ameshaniuliza nina watoto wangapi na kwa nini nimevaa suti kwenye jua.

Tulipoanza kupanda milima njaa ikauma. Nikafungua sefuria. Harufu ikajaa basi, watu wakageuka. Nikachota sombe, nikaipeleka mdomoni, nikaona kitu kinaniangalia. Kichwa cha ndagala, na jicho lake.

Nikapiga simu palepale.

"Mama Masika, kuna samaki ndani ya sombe!"

"Samaki? Miye sikutia samaki."

"Ananiangalia!"

"Aa, ile! Ile si samaki, ni ndagala kidogo ya kuleta ladha. Sombe bila ndagala utaipika je?"

Mke wangu ni Mkristo mzuri, lakini ni mpishi wa Goma. Nikauliza polepole, "Na maharage?"

Akaanza kunieleza mvua ya Goma. Nikauliza tena.

"Nilitia mufupa moja tu," akasema. "Lakini niliutoa!"

Mama wa Bunagana alikuwa amesikia yote, na habari ya ahadi nikamweleza. Akanyosha mikono miwili kama mtu anayepokea komunyo. "Papa, leta. Usimwage baraka." Nikampa. Akala sombe, akala maharage, akala wali uliogusana na maharage, na kila baada ya tonge alinisifia mke wangu. "Huyu mwanamuke anajua! Papa, Mungu akulinde weye na ahadi yako." Mwishoni akanipa ndizi mbivu mbili na parachichi. Hicho ndicho chakula changu mpaka Kigali. Njiani, upande wa Musanze, nilitazama mashamba ya kabichi dirishani. Kabichi nzuri, sikatai. Lakini haziziwezi za Kibumba.

Kigali mpaka Adisi: kiti changu kinakula bila mimi

Nilipewa kiti cha dirishani, mstari wa ishirini na tatu. Nimekaa, nimefunga mkanda vizuri kuliko wote, akaja mtu mkubwa, mwenye duka la viatu Bukavu. Mke wake alikuwa kiti cha pembeni yangu, yeye mwenyewe alikuwa ametupwa nyuma mstari wa thelathini na moja. Akaniangalia kwa unyonge.

"Muzee, samahani. Madame anaogopa ndege."

Watu walikuwa wanasikiliza. Nikasimama na kusema kwa sauti ya kutosha, "Kaa, ndugu yangu! Kambale hajatenganisha ndoa ya mutu hata siku moja." Mistari mitatu wakatabasamu. Nikaenda nyuma kama askofu anayetoka madhabahuni.

Tukapaa. Kabla hata mkokoteni wa chakula haujaonekana, mhudumu alitokea na sahani moja tu, imefunikwa, ina kikaratasi juu. Akaipeleka moja kwa moja mstari wa ishirini na tatu, akaiweka mbele ya mtu wa viatu. Ndege nzima haijala, yeye peke yake anahudumiwa. Nikamsikia mpaka kule nyuma akimwambia mkewe, "Umeona? Wamenijua."

Nami nikajiambia, kumbe nimempa kiti mtu mkubwa wa serikali.

Mkokoteni ukafika kwangu. Kuku au ng'ombe? Nikasema mimi sili vyote viwili, niliagiza sahani yangu. Mhudumu akaangalia orodha yake, akaangalia kiti, akaniangalia mimi. "Bwana, sahani hiyo imeshapelekwa. Mstari wa ishirini na tatu."

Wakati huohuo, kule mbele, kifuniko kilikuwa kimefunguliwa.

"Hii ni nini? Dengu? Na karoti? Miye niko mugonjwa? Nani aliwaambia niko mugonjwa?"

Nikasimama na mkanda wangu ukanirudisha chini. Nikaufungua, nikasimama tena. "Ndugu! Usile! Hiyo ni yangu!"

"Kama ni yako, chukua! Lakini lete kuku!"

Mhudumu alitaka kupeleka mwenyewe, lakini mkokoteni ulikuwa umeziba njia. Basi sahani zikasafiri mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu, kuku akienda mbele, dengu zikirudi nyuma. Mstari wa ishirini na saba kulikuwa na mama masista mmoja mzee. Alipopokea yangu, akainua kifuniko na kuchungulia.

"Mama Masista, tafadhali!" nikaita. "Hiyo ni ahadi ya Mungu!"

Akashtuka, akaifanyia ishara ya msalaba, akaipitisha. Ikanifikia imebarikiwa, lakini keki haipo na mkate umeng'atwa. Mtu wa viatu alikuwa ameanza na vitu vitamu.

Nilikula. Zile karoti zilikuwa na siku nne tangu zitoke shambani, mimi sidanganywi, na aliyezikata alikuwa na kisu butu. Nilisafisha sahani mpaka ikang'aa. Tuliposhuka, yule bwana akanisubiri mlangoni akicheka. "Muzee, kile kiti chako ni cha wagonjwa."

"Ni cha wakubwa," nikamjibu. "Si uliona kinahudumiwa cha kwanza?"

Adisi: mwenye kufunga humjua mwenzake

Ndege ya Dakar ilichelewa. Walisema saa mbili, zikawa nne, halafu wakaacha kusema, tukakesha palepale. Uwanja ule ni mkubwa kama Goma na Gisenyi zikiunganishwa, na kila harufu ndani yake ni ya nyama inayochomwa. Nikapanda ngazi mpaka mgahawa mmoja ambapo dada mwenye nguo nyeupe ya pamba alikuwa anahudumu. Yeye alijua Kifaransa cha kuhesabu tu, mimi Kiingereza cha kusalimia tu. Basi nikatumia mwili. Nikaweka vidole kichwani kama pembe, nikatikisa kichwa: hapana. Nikapiga mabawa: hapana. Nikaogelea kama samaki: hapana. Meza ya jirani ikaacha kula ili itazame. Mchina mmoja akatoa simu.

Dada hakucheka. Akasema neno moja, "tsom", akajiwekea mkono kifuani, kisha akaunyosha kwangu. Nikaelewa. Ilikuwa majira ya kanisa lao kufunga, na anayefunga kwao haonji kitu cha mnyama. Hata yeye alikuwa ndani ya kazi hiyohiyo niliyokuwa ndani yake.

Akaniletea sinia la mkate mwororo wenye uchachu kidogo, mpana kama ungo, na juu yake vilima vilima: dengu nyekundu, dengu njano, rojo ya njegere za kusaga, na katikati kabichi iliyokaangwa na karoti. Nikaanza na kabichi, kwa kazi tu, kama fundi anayekagua ukuta wa mwenzake. Jamani. Niliuza kabichi miaka ishirini na mitano, na siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanainunua.

Dada akasimama kando, akanionyesha kwa mikono: kwa ajili ya nini? Nikaweka mikono kama ya kubeba, nikaipunguza, nikaipunguza tena, mpaka ikawa midogo hivi. Akaitazama nafasi ile kati ya viganja vyangu. Alinikunjia mkate mwingine kwenye karatasi niende nao.

Nilikuwa sijamaliza kunawa mke wangu akapiga. Sauti yake haikuwa ile ya sefuria.

"Papa Masika, Paluku amenipigia. Mutoto amesahau kupumua. Mara mbili leo asubuhi. Wamemushitua, amerudi."

"Amesahau?"

"Daktari njo amesema vile. Watoto wa miezi saba wanasahauka. Unawakumbusha."

Nikakaa chini. Mimi niliyesimama mbele ya watu nikaapa juu ya vitu vinavyopumua, kwa kutafuta makofi. Pale uwanjani makofi yaliniisha masikioni. Nilibaki na ile ahadi peke yake, na sikuona tena mtu wa kuionyesha.

Adisi mpaka Dakar kupitia Bamako: je, yai linapumua?

Safari hii sikumpisha mtu. Mwanamke mmoja aliniomba nihame kidogo tu ili akae na dada yake, nikamwambia hata Baba Mtakatifu akiingia atasimama. Choo nilikuwa nakitaka tangu Adisi. Nilikataa kwenda. Nikitoka, sahani ikipita, itamkuta nani?

Jirani yangu alikuwa muzee wa Bamako, amevaa kanzu pana ya buluu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nikamweleza biashara yangu, akanieleza yake. Tuliheshimiana. Aliposikia kwamba sili nyama alinishika mkono kama mtu anayetoa pole.

Sahani yangu ya asubuhi ikaja, ya kwanza, kwenye kiti changu, mbele yangu mimi. Nikafungua kwa ushindi. Ndani kulikuwa na yai la kukaanga.

Nikamwita mhudumu. Akasema kwa upole kwamba yai linaruhusiwa, wengi wasiokula nyama wanakula mayai. Nikamwambia wao wana sheria zao, mimi niliapa juu ya vitu vinavyopumua. Akasema hilo hawezi kulijibu, akaondoka.

"Yai halina pua," akasema muzee wa Bamako.

"Lakini ndani kuna kifaranga."

"Kama jogoo alipita. Hili la ndege halijaona jogoo."

"Unajuaje, muzee?"

"Litazame. Ni yai la kiwanda. Maisha yake yote halijasikia hata kokoriko."

Mstari wa nyuma ukaingia kwenye kesi. Kijana mmoja mwenye miwani akasema ganda lina vitundu vidogo na hewa hupita. Mkewe akamwambia anyamaze, mzee wa watu ana njaa. Nilitazama yai, yai likanitazama. Mwisho nikampa muzee yai, yeye akanipa nyanya yake na mkate wake, na nikala pamoja na ule wa Adisi. Afadhali njaa kuliko kesi ambayo hakimu wake huwezi kumpigia simu.

Halafu mchana wakaleta kondoo. Mimi nilipata maboga ya kuchemsha bila chumvi, maboga ambayo Mabanga tungewapa nguruwe. Muzee akafunua yake: vipande vya kondoo katika mchuzi mwekundu, mafuta yamesimama juu yake. Mvuke ukaja puani kwangu wenyewe, sikuuita. Siku ishirini na moja! Mate yakanijaa mpaka nikashindwa kusema.

Muzee akaona. Akasogeza sahani katikati ya meza zetu mbili. "Ndugu yangu, kwetu msafiri ana ruhusa. Anayefunga akiwa safarini, anakula, siku nyingine analipa. Mungu si mkali kuliko binadamu. Kula kipande kimoja."

Mkono wangu ulienda. Sitawaficha. Uma ulikuwa tayari umechoma kipande, chenye mfupa, kile ninachokipenda. Nikajiambia: nani ananiona huku juu? Katekista yuko Mabanga. Mama wa sukari yuko Mabanga.

Kisha nikatazama dirishani. Mawingu yalikuwa chini yetu. Nikakumbuka kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuwa karibu na Mungu hivi, labda mita chache tu, na mimi hapo ndipo nataka kuiba. Na kule chini, kwenye kisanduku cha kioo, kuna mtu anayejifunza kupumua na kila mara anasahau.

Nikaurudisha uma. "Aksanti, muzee. Maliza weye."

Akamaliza, akiwa amenigeuzia bega ili nisione. Huyo ni mtu mwenye heshima. Bamako aliposhuka aliniombea dua kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, na alipokwisha tu nikakimbilia chooni.

Dakar: kondoo wa Paluku

Paluku alinipokea na gari, moja kwa moja mpaka hospitali. Masika alikuwa amesimama kwenye korido, amekonda, amevaa kitenge cha mama yake. Akanipeleka kwenye kioo. Nilimwona mjukuu wangu kwa mbali, na kofia ya sufu, na nyaya. Kifua chake kilipanda, kikashuka, kikakaa. Nikashika ukuta. Kikapanda tena. Kumbeba hapana, walisema, bado.

Ndipo tukaenda nyumbani, na mezani kulikuwa na kondoo mzima. Paluku alikuwa amemchinja kwa ajili yangu, amemchoma na vitunguu na haradali jinsi wanavyofanya watu wa kule, na mbavu alikuwa ameziweka upande wa kiti changu. Akasimama hajakaa, anangoja nianze.

Nikachukua wali. Nikachukua majani ya saladi.

Ninyi mnajua kwetu maana yake. Baba mkwe akikataa nyama nyumbani kwa mkwe, ana neno, na neno lenyewe si dogo. Paluku akapauka. Akapiga magoti kando ya meza.

"Baba, najua. Ni ile koti ya ndoa. Haikuwa yangu, niliiazima."

"Koti gani?" nikasema.

"Basi ni kioo ya Fuso. Miye njo nilivunja. Si mulinzi."

"Ni weye?" Mwaka mzima nilimnunia yule mlinzi!

"Na ile Pasaka nilikuambia niko kwenye misa," akaendelea, jasho linamtoka, "nilikuwa kwenye mupira. Na baba, ile siku kofia yako ilipopotea..."

"Paluku, simama!" akalia Masika. "Papa, ni nini? Sema neno lako. Unatukasirikia juu ya mutoto? Unafikiri ni kosa yangu?"

Hapo nikaona nimefanya nini. Nilikuwa nimeificha ahadi ili nisimtwishe mzigo, na sasa kuficha kwenyewe ndiko kulikuwa mzigo. Nikaweka kijiko chini, nikawaeleza yote: shirika, makofi, sukari, ndagala, yai. Nikasema mpaka nimbebe.

Masika akanitazama. Papa yake, mtu wa nyama asubuhi, mchana na jioni. Akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. "Siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Papa! Unakula nini?"

"Kabichi," nikasema, na nikamwona binti yangu akifurahi kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Kondoo yule aliliwa na majirani. Paluku nilimsamehe kioo. Habari ya kofia bado tunaichunguza.

Nikangoja siku sita. Kila asubuhi tulisimama kwenye kioo. Siku ya kwanza mtoto alisahau kupumua mara moja. Siku ya tatu hakusahau. Siku ya nne alisahau tena. Siku ya tano na ya sita alikumbuka mwenyewe.

Siku hiyo ya sita wauguzi walisema sasa anaweza kutolewa kidogo, alazwe kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, ndivyo wanavyoongeza nguvu. Lakini Masika alikuwa na mafua, wakamzuia mlangoni. Paluku alikuwa kazini, juu ya mnara. Muuguzi, mama mfupi asiye na mchezo, akauliza nani mwingine wa familia yupo. Masika akanisukuma mgongoni.

Wakanivua koti, wakanivua shati. Mimi, Kambale, tumbo wazi mbele ya wanawake wanne! Wakanikalisha kwenye kiti cha kulala, wakamtoa yule mtu mdogo na nyaya zake, wakamlaza hapa, chini ya kidevu changu, wakatufunga pamoja kwa kitambaa. Alikuwa na joto. Alinuka maziwa. Nilitaka kusema neno kubwa, kama ninavyosemaga. Niliogopa sauti yangu itamshtua. Nikakaa nahesabu pumzi zake, na alipochelewa kidogo nami nilichelewa, na alipovuta nami nikavuta.

Sijui muda gani ulipita. Nilimwona Masika nyuma ya kioo akinionyesha kwa mikono: Paluku ameshuka mnara, amekuja mbio, yuko nje na mbuzi wa kuchoma kwenye karatasi, wa moto, na pilipili. Umebeba, Papa! Ahadi imekwisha! Toka ule!

Nikatikisa kichwa. Akaonyesha tena: nyama inapoa. Nikafanya kama sioni. Baadaye niliambiwa walinzi wa mlangoni waliimaliza na kulamba karatasi.

Muuguzi akaja, akaangalia saa yake, akaniambia muda umekwisha, mtoto arudi kwenye mashine. Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Akaniita tena, kwa nguvu kidogo.

Nikakoroma.